Majina Mawili, Kibarua Kimoja

Kipsongo, Kitale
8 Juni 2025

Dada yangu Mama Joy,

Mulembe sana. Sisi huku tuko wazima, ila mvua imetuzoea, inaingia ndani bila kupiga hodi. Tonny amemaliza kozi yake ya kuchomelea vyuma na sasa ananiunguzia ndoo zangu akisema ni mazoezi. Msalimie Baba Joy. Ukifika nyumbani Matulo mwambie Mama ile dawa ya miguu niliyotuma ni ya kupaka, si ya kunywa. Namjua.

Najua unashangaa, nani siku hizi anaandika barua? Dada, kwenye simu wewe ukisikia jambo hulipendi unasema "mtandao, mtandao," halafu unakata. Barua haina mtandao. Nimeiacha ofisi ya vifurushi hapo steji ya magari, na wewe unijibu hivyo hivyo.

Jambo ni hili. Shamba la mbegu linafungwa. Watoto wa mwenyewe wameamua, tukishavuna msimu huu, ardhi ikatwe ploti. Meneja ametuita uwanjani, akasema wale wa kudumu, kina dereva na walinzi na nyapara wetu Kipketer, watalipwa pesa za kuachishwa kazi kulingana na miaka yao. Sisi vibarua akasema tutakumbukwa na unga. Unga, dada! Niliingia pale Tonny akiwa mgongoni, na sasa Tonny ananyoa ndevu.

Unajua vile tumekuwa tukiishi. Kabla ya miezi mitatu kuisha unaambiwa "pumzika kidogo," ili usije ukahesabika mtu wa kudumu. Lakini tumbo la mtoto halipumziki. Ndiyo sababu ulinipa kitambulisho chako, ukaenda kusema kimepotea ukachukua kingine. Nikipumzishwa kama Rispah Nekesa, narudi kama Phelista Nanjala. Tulijiona wajanja kweli. Kumbe sasa pale shambani mimi ni watu wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa vya kutosha.

Kuna mswada unazungumzwa, na kamati ya bunge inakuja Kitale mwezi wa tisa kusikiza maoni. Absalom wa chama cha wafanyakazi ametueleza: wanataka hata kibarua wa kupumzishwa na kurudishwa ahesabiwe kazi moja, na akiachishwa alipwe kama wengine. Mimi nataka kusimama niseme. Lakini meneja anasema Phelista ni mtu mwingine. Dada, nahitaji uje usimame kando yangu, useme zile siku ni zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Rispah


Bungoma
29 Juni 2025

Kwa mdogo wangu mpendwa, Mama Tonny,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema wewe na Tonny. Sisi hapa tunaendelea kwa neema. Baba Joy alikuwa na homa lakini amepata nafuu. Joy yuko kidato cha tatu, hesabu inamsumbua kama ilivyotusumbua sisi, lakini anajitahidi. Jumapili iliyopita kanisani tulikuwa na mchango wa paa, na akina mama tumetoka vizuri kuliko wanaume, kama kawaida. Mimi ndiye nilisoma hesabu mbele.

Mama nilimwona Jumanne. Ile dawa alikuwa ameshaonja. Anasema ni chungu lakini anahisi nguvu. Nimemwachia Wabwile wa jirani amkumbushe kupaka.

Hoteli yangu ndogo inasonga. Unga wa ngano umepanda tena, na mwenye nyumba anazungumza lugha ya kuongeza kodi. Siku hizi chapati zinapikwa na Nyambu, kwa sababu Mary Ann amepumzika kidogo. Wateja wanalalamika ati chapati za Nyambu ni ngumu. Watazoea.

Nimekutumia omena na ndizi mbili tatu kwa gari. Hizo ndizi zikifika zimeiva usizilaumu.

Kuhusu lile jambo lingine, mdogo wangu, tuliweke katika maombi.

Dada yako akupendaye,
Phelista


Kipsongo, Kitale
13 Julai 2025

Dada,

Mulembe. Omena tumekula, ndizi tumekula, Mungu akubariki. Mama amenipigia akasema ile dawa imeisha. Sikumuuliza imeishia wapi.

Sasa wewe! Umeniandikia paa la kanisa, homa, hesabu za Joy, mpaka chapati za Nyambu, na jambo langu umelipa mstari mmoja na kulipeleka kwa Mungu. Hata Mungu akisoma barua yako atauliza, "Phelista, na wewe je?"

Wacha nikwambie tuko wapi. Sasa hivi ni kung'oa mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi. Unatembea mstari kwa mstari ukinyoosha mikono juu, majani yanakukata shingo, umande unakulowesha mpaka chupi. Ukiacha ua moja kwenye mstari wa kike, ule unaozaa mbegu, mbegu inaharibika. Kipketer anapita nyuma akikagua, na tangu nianze hajawahi kunirudisha mstari. Juzi aliita "Phelista!" na nikaitika mbio kuliko ninavyoitikia jina langu. Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaingia kwenye mahindi nikalia kidogo.

Sililii pesa peke yake. Nikipata, nitamnunulia Tonny mashine yake ya kuchomelea aache kuharibu ndoo za watu, hilo kweli. Lakini inaniuma kwamba nitatoka pale na itakuwa kama sikuwahi kuwepo. Mlinzi aliyekuja juzi, anayelala getini mchana, atalipwa. Mimi nitapewa unga na pole.

Siko peke yangu. Karibu kila mwanamke wa mstari wetu ana jina la dada, la wifi, au la binamu. Tuliambiana njia hii wenyewe kwa wenyewe, kila mgeni anafundishwa. Absalom aliposikia alishika kichwa. Akasema, "Mama, nyinyi ndio mliowasaidia wenye shamba kukata miaka yenu." Akasema tena kwamba mwenye jina akija mwenyewe, kamati na watu wa leba, ile ofisi ya kazi ya serikali, wataamini.

Kikao ni tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, Ijumaa, ukumbi wa kanisa karibu na soko. Utakuja ama hutakuja? Niandikie neno moja tu.

Rispah


Bungoma
3 Agosti 2025

Kwa Mama Tonny,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Baba Joy anakusalimu.

Umeniomba nikujibu kwa neno moja, lakini mambo haya hayajibiwi kwa neno moja. Nilikwenda mbele ya polisi nikasema kitambulisho kimepotea. Hakikupotea. Ukinisimamisha mbele ya watu wenye kalamu, nitasema nini? Mimi ni mwekahazina wa akina mama. Watu wananikabidhi pesa za Mungu.

Na hata huo mswada, mdogo wangu, usiuone wa upande mmoja. Ni mzuri mdomoni. Shamba kubwa lina trekta na wakili, litalipa. Je, mama aliye na meza tano na jiko moja? Mwezi mmoja anauza, mwezi mmoja anakopa unga. Mkimwambia kila mtu aliyewahi kukanda unga kwake ana miaka, na miaka hiyo ina deni siku ya kufunga, atafunga leo. Au hataajiri mtu, ataamka akande mwenyewe mpaka mikono imkatae. Hao mnaotaka kuwasaidia watakula wapi? Hakuna anayekuja kuchukua maoni ya mama huyo.

Sisemi shamba limefanya vizuri. Nasema tu usipeleke jina langu huko. Nisamehe.

Mama anauliza kama utakuja Desemba. Nimemwambia ndiyo.

Phelista


Kipsongo, Kitale
17 Agosti 2025

Dada,

Mulembe. Tonny amepata kazi ya siku mbili kwa mtu wa mageti, amerudi na kidonda cha mkono na furaha tele.

Barua yako niliisoma nikashangaa. Nikajiuliza, huyu mama wa meza tano, kwa nini dada yangu anamjua mpaka mikono yake inavyomkataa? Nilidhani unamsemea rafiki mwenye hoteli kama wewe.

Alhamisi mtu akabisha hodi. Ni Mary Ann, na begi lake. Alitafuta nyumba yangu kwa kuulizia "mama wa mahindi, dadake Mama Joy." Anataka nimwingizie jina shambani wiki chache, kwa sababu bado amepumzishwa na karo ya mtoto wake haijalipwa. Nilimpa chai. Nikamuuliza, umepumzishwaje, si dada alisema umepumzika kidogo tu? Akanieleza bila hasira yoyote, mpaka ikaniuma zaidi. Kwamba kila miezi mitatu inapokaribia, wewe humwambia apumzike, Nyambu anaingia. Na kwamba mara mbili alirudi mapema na kitambulisho cha dada yake, akakaa hapo hapo jikoni kwako, sura ile ile, na wewe ukaandika jina la dada yake na kumwambia, "Karibu mgeni."

Phelista. Kipketer angalau ana mistari mia ya watu. Wewe una meza tano.

Sikuandikii kukutukana. Wewe ndiye uliacha shule mimi niendelee, na mpaka leo sijui kama nilikulipa kwa chochote. Lakini nilikuwa nikifikiri dada yangu anaogopa polisi. Kumbe dada yangu anaogopa Mary Ann. Mimi nakuomba usimame upande wangu, na wewe umesimama upande ule mwingine, na aproni.

Mary Ann anakupenda, sijui kwa nini. Alinikataza kabisa kukuandikia. Yuko hapa, tunalala naye. Nimemwambia asitumie jina la mtu.

Ijumaa ile nitakwenda. Wakiniuliza Phelista ni nani, nitasema ni jina nililolipata. Sitakutaja zaidi ya hapo. Usijibu kama huna la kujibu.

Rispah


Bungoma
7 Septemba 2025

Mama Tonny,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nimeichukua mpaka Matulo nikaisoma chini ya dirisha la Mama, na Mama akaniuliza ni habari za nani aliyekufa. Nikamwambia hakuna.

Ni kweli yote. Sitabishana.

Nataka tu ujue ilivyoanza. Nilipofungua, mtu mmoja mwenye hoteli kubwa karibu na posta alinishauri kama anayenipa zawadi. "Usimkalishe mtu miezi mitatu, mama, atakuwa mzigo." Sikujiuliza. Nilikuwa na hofu, Rispah. Hofu ya mwenye nyumba, hofu ya leseni, hofu ya siku ambayo hakuna mteja na supu inamwagwa. Mtu mwenye hofu hasikii kwamba mwenzake ana hofu pia. Mary Ann alipoumwa nililipa hospitali. Nilijiambia mimi ni mwajiri mzuri. Kumbe nilikuwa mwajiri wa huruma, na huruma unaweza kuikata ukitaka.

Ile siku aliporudi kwa jina la dada yake, nilimtambua kwa mgongo tu kabla hajageuka. Tulitazamana. Nikasema lile neno la mgeni, yeye akacheka, tukaendelea. Nalikumbuka neno hilo kila nikishika kijiko.

  Mabati ya paa la kanisa yamefika. Msalimie Tonny, na Mary Ann pia, kama atapokea.

Phelista


Kipsongo, Kitale
5 Oktoba 2025

Dada yangu,

Mulembe, mulembe tena! Siku ya kikao ulitoroka kukimbilia gari kabla sijakushika, na simu zangu hupokei. Haya, sikia yaliyotokea ulipoondoka.

Kwanza wacha nikuambie vile nilivyokuona, kwa sababu wewe hukujiona. Nilikuwa nimesimama pale mbele. Nimesema, "Mimi ni Rispah Nekesa, na shambani mimi pia ni Phelista Nanjala," ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule mwenyekiti akauliza huyo Phelista yuko wapi. Nikafungua mdomo niseme vile nilivyokuahidi. Ndipo nikasikia sauti yako huko nyuma, ile sauti ya kusoma hesabu za kanisa: "Phelista ni mimi." Na kitambaa chako cha Jumapili kichwani, siku ya Ijumaa! Nilitaka kulia, nikataka kucheka.

Ukasema hujawahi kukanyaga hilo shamba, kila siku iliyo kwa jina lako ni yangu, na kwa polisi ulidanganya, kama kuna wa kukushika akushike baada ya kikao. Hapo ningekuwa nimetosheka, dada. Mwenyekiti alikuwa ameshasema asante, keti. Hakuna aliyekuuliza zaidi. Ni wewe mwenyewe uliyekataa kuketi. "Bado sijamaliza. Mimi niko na hoteli Bungoma, na hayo hayo mimi nafanyia watu wangu. Muandike sheria inishike na mimi. Lakini muiandike kwa njia ambayo mtu wa meza tano ataweza kuitii, aanze kuweka kidogo kidogo, asingoje siku ya kufunga. Mkiniacha nje ati kwa sababu mimi ni mdogo, basi Mary Ann pia mmemwacha nje." Mary Ann alikuwa kando yangu. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Ulipotoka, mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine. Halafu Kipketer akasimama! Kipketer, ambaye malipo yake yamekamilika na meneja amekaa mbele yake. Akasema, "Mimi ndiye niliyewaandika kwa majina ya dada zao huku nikijua. Nilitaka mistari isikose watu wanaojua kazi. Huyu mama ni mtu mmoja." Basi wanawake wakaanza kusimama mmoja mmoja wakitaja majina yao mawili.

Mswada wenyewe umeondoka na ile kamati, na Absalom anasema safari ya bunge ni ndefu, tusishone nguo za sherehe. Lakini wiki jana tuliitwa ofisi ya leba pamoja na meneja. Wamekubali kuunganisha majina kwa wale ambao mwenye jina amejitokeza, na kuwalipa kama wale wa kudumu. Nimetia sahihi. Nilishika kalamu nikawaza nisaini lipi, karani akacheka akasema, "Lako, mama."

Si wote waliofaulu. Kuna wengine dada zao hawakuja. Tuliwaacha wamekaa kwenye benchi la nje, na sikujua niwatazame vipi.

Mary Ann amepanda gari la Bungoma leo asubuhi, kama ulivyomwomba kwenye ule ujumbe uliomtumia. Mpokee vizuri.

Mdogo wako,
Rispah


Bungoma
26 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Joy amefaulu hesabu kwa mara ya kwanza, tumechinja kuku. Kanisani nimewaambia akina mama yote kabla hawajasikia kutoka kwa mtu mwingine. Mmoja akauliza kama bado naweza kuwawekea pesa. Wamepiga kura wiki iliyofuata, na bado ninazo. Polisi hawajanitafuta. Wakija watanikuta.

Nimefurahi kwa ajili yako, nikashindwa kulala kwa ajili ya wale wa benchi. Kama kuna mmoja dada yake yuko upande huu wa Bungoma, niambie jina na kijiji, nitakwenda kuongea naye. Mimi najua kile anachoogopa.

Mary Ann amerudi kazini. Sikumkaribisha kama mgeni. Tulikaa mezani mchana, wateja wakingoja, tukakubaliana kwamba hapumziki tena, na miaka yake inaanzia siku ile alipowasha jiko langu mara ya kwanza. Kila Jumamosi naweka kitu kando kwa ajili yake kabla ya kodi ya nyumba. Si kikubwa. Nimeacha kupika chakula cha jioni hotelini, maana makaa yake yalikuwa yakila faida, ili niweze.

Lakini kuna jambo hukuniambia, na labda hukulifikiria. Mary Ann akikaa, Nyambu anatoka. Hoteli yangu haiwezi wapishi wawili wa chapati. Nimezunguka na hesabu hiyo wiki nzima nikitafuta njia, na njia sikuiona. Hakuna sheria iliyonilazimisha kumpa Nyambu chochote, maana miezi yake yote ni vipande vipande, na mimi ndiye niliyeivunja. Nilivikusanya hivyo vipande, nikauza ile meza kubwa ya wageni wa harusi, nikaweka pesa kwenye bahasha.

Jana alipomaliza kuosha sufuria nilimwita nikampa kwa mikono miwili. Aliishika, akaipima uzito kama bahasha ya rambirambi, akavua aproni haraka na kujifunga leso. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Joy, ni nani amekufa kwetu?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamwambia ni pesa zake za kuachishwa kazi.

Akaketi kwenye gunia la viazi. Akafungua bahasha akachungulia ndani. Kisha akauliza, "Kwani mtu kama mimi pia hupewa?"

Dada yako,
Phelista